Goti Likigoma, Fundisha!

Miaka minne nimecheza shoo kwenye maharusi hapa Moshi, nikidhani ujana hauna mwisho. Mwezi uliopita goti likagoma. Daktari akasema nipumzike. Kabla hata sijapona, wenzangu wa kundi wakampa mtu mwingine namba yangu. Roho iliniuma, asikwambie mtu!

Hapa Rau kuna mama mmoja wa genge, jirani yangu. Akaniambia, "Mwanangu, si uwafundishe hawa watoto? Kutwa wapo vumbini tu." Nikacheka. Mimi, ticha?

Usiku nikamkumbuka Mkenya mmoja, Mike Wamaya. Jamaa alicheza dansi kama kazi, akazunguka Ulaya, kisha akageukia kufundisha baleti watoto wa Kibera na Mathare, Nairobi. Ndiyo, baleti, ule mchezo wa kusimama kwa ncha za vidole! Studio haikuwepo: madawati yalisogezwa pembeni, darasa likaanza. Mwaka 2017 aliingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye zawadi ya dola milioni 1. Alishinda Maggie MacDonnell wa Kanada, lakini kilichomfikisha Wamaya pale si majukwaa ya Ulaya, ni wale watoto.

Jumamosi nikaanza. Walikuja saba, wawili peku. Kucheza najua, kumweleza mtu ninavyocheza, kumbe sijui! Nilihesabu "moja, mbili" mpaka sauti ikakauka.

Goti bado linauma. Roho, kidogo tu. Jumamosi hii nipo tena.