Nyamongo: Maji yanayong'aa bado yanahitaji kupimwa

Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu inapita kwenye mashamba ya mahindi, mihogo na migomba, kisha inashuka kuelekea Nyamongo. Kabla mgeni hajafika kwenye maduka na vijiwe vya bodaboda, anaona vilima virefu visivyo na miti. Hiyo si milima ya asili. Ni mawe yaliyochimbwa na kurundikwa na Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ambao leo unaendeshwa na kampuni ya Barrick kwa ubia na Serikali.

Chini ya vilima hivyo unapita Mto Tigithe, ambao unamwaga maji yake katika Mto Mara. Ng'ambo ya Mara ni Wilaya ya Serengeti. Asubuhi, akina mama na watoto wanaonekana njiani na ndoo kichwani, bodaboda zimefungwa madumu nyuma, na ng'ombe wanaswagwa kwenda kunywa. Kila nyumba ina swali lile lile kabla ya uji kuinjikwa: leo mtoto anywe maji yapi?

Mto wenye historia

Swali hilo lina sababu. Mei 2009, maji yenye tindikali kutoka mgodini yaliingia Mto Tigithe. Kampuni ilisema wezi walikuwa wameiba karatasi ngumu ya plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye ardhini. Wananchi walilalamika kuwa watu na mifugo waliugua, na mjadala huo haukuisha haraka. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya Sh5.6 bilioni kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivuja. Julai mwaka huo matumizi ya bwawa hilo yalisimamishwa, kisha yakaruhusiwa tena Septemba.

Tindikali hiyo hutokana na mawe yenyewe. Mawe mengi yanayobeba dhahabu yana madini ya salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana madhara. Yakichimbwa na kukutana na hewa na mvua, yanatengeneza tindikali, na tindikali inayeyusha metali zilizomo ndani ya mawe hayo hayo. Maji yanayotoka hapo yanaweza kuwa meupe kama ya chupa.

Mgodi si tishio pekee. Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wa chini, karibu na Ziwa Victoria, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa ndivyo vilivyomaliza oksijeni majini. Wapo wakazi ambao hawakuridhika na jibu hilo. Hata hivyo, kwa mzazi funzo liko wazi: maji yanaweza kuharibiwa na mgodi, na yanaweza kuharibiwa na zizi.

Kuchemsha kunaishia wapi

Familia nyingi huchemsha maji, na ni vizuri. Yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja, vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Lakini aseniki na risasi hazifi kwa moto, kwa kuwa si vitu vyenye uhai.

Watu wanaofuga samaki wa baharini sebuleni, kwenye tangi la kioo, wanalijua jambo hili vizuri. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Tangi likikaa siku kadhaa, maji hupungua kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi haitoki. Inabaki ndani, na maji yanazidi kuwa makali. Mfugaji akijazia maji mengine ya chumvi, kiwango kinapanda mpaka samaki wanakufa. Inabidi ajazie maji yasiyo na chumvi, tena apime kila wiki, kwa sababu kwa macho tangi linaonekana safi siku zote.

Sufuria iliyoko jikoni Nyamongo inafuata kanuni hiyo hiyo. Mvuke unaondoka, metali inabaki. Maji yakichemshwa muda mrefu mpaka yapungue, kila kikombe kinabeba metali nyingi zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini navyo huua vijidudu tu. Kuchuja kwa kitambaa huondoa tope na takataka, basi.

Kwa hiyo mzazi asiache kuchemsha. Atambue tu kwamba kuchemsha kunamaliza tatizo moja, na kwamba chanzo chenye metali hakitengenezwi na jiko. Dawa yake ni kubadilisha chanzo.

Watoto ndio wanaoumia kwanza. Kwa kulinganisha na uzito wa mwili, mtoto anakunywa maji mengi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa aseniki, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hicho ni kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukigundua.

Sumu isiletwe nyumbani

Pembeni mwa mgodi mkubwa wapo wachimbaji wadogo, na wengi wao hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia kwa samaki, kisha kwa watu. Watoto walizaliwa na ulemavu ingawa baadhi ya mama zao walionekana wazima.

Baba au kaka anayefanya kazi hiyo asichome zebaki jikoni wala uani, maana moshi wake haunuki na unaingia mapafuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto na mbali na kisima. Dumu lililobeba kemikali lisigeuzwe la maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Bati na simtanki

Chanzo ambacho familia inaweza kukisimamia yenyewe ni mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 800, yaani madumu 40 ya lita 20, hata kama kiasi kidogo kitamwagika.

Vumbi hutua juu ya bati, na karibu na mgodi vumbi ni jingi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa na mifereji kabla bomba halijaelekezwa kwenye simtanki. Simtanki lifunikwe, liwe na koki chini, na lioshwe angalau kabla ya kila msimu wa mvua. Maji ya kunywa bado yachemshwe, kwa kuwa ndege nao hutua juu ya paa.

Kupima ni kazi ya wote

Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji mjini Musoma. Kwa nyumba moja, kupima metali kunaweza kuwa gharama kubwa. Kwa kisima kinachotumiwa na kaya nyingi, inawezekana kuchangia, au kupeleka ombi Ruwasa kupitia serikali ya kijiji. Chupa ya sampuli na maelekezo vichukuliwe maabara, kwa sababu chupa ya soda inaweza kuharibu majibu. Ombi litaje wazi kinachotafutwa: vijidudu, na pia aseniki, risasi na zebaki. Anayeomba kupimiwa vijidudu tu atapewa jibu la vijidudu tu.

Kisima kipimwe wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, maana maji ya chini hubadilika. Majibu yabandikwe kisimani ili hata mgeni ayasome. Maji yakibadilika rangi, samaki wakielea au ng'ombe wakigoma kunywa, uchotaji usimame na mwenyekiti wa kitongoji aambiwe siku hiyo hiyo. Samaki waliokufa wasiokotwe kuwa kitoweo.

Jioni watoto wa Nyamongo hurudi kutoka shule na kiu, na mikono yao huenda moja kwa moja kwenye ndoo yenye kata. Wao hawaulizi maji yametoka wapi. Mtu mzima aliyeyateka ndiye anayetakiwa kuwa ameshauliza.