Niliwaambia Ni Mali ya Kila Mtu

Kosa langu ni hili: niliwahakikishia watu wa Makueni na Kitui kwamba mfumo niliowawekea kwenye seva zao ni mali ya kila mtu, kwamba hakuna awezaye kuufunga, na kwamba wangeutumia hadi mwaka 2029 bila wasiwasi. Sikuwa na haki ya kutoa ahadi hiyo. Wenye uwezo wa kuitimiza walikuwa wengine, na walipoibadilisha mimi nilinyamaza. Naandika kwa sababu kunyamaza huko ndiko kunakoniuma zaidi, na kwa sababu nawajua mafundi wenzangu ambao hadi leo wanatoa ahadi kama yangu.

Riziki yangu iko kati ya miji ya Wote na Kitui. Nahudumia vyama vya akiba na mikopo, maktaba na shule ambazo hata karatasi za printa hununuliwa kwa kuhesabu. Kuwaambia walipe leseni ya kila mwaka kwa kila mashine ni kuwaambia wakae bila mashine. Ndiyo maana niliipenda Linux, mfumo endeshi unaopatikana bila malipo hayo, tangu nikiwa mwanafunzi, enzi zile kampuni ya Canonical ilipokuwa ikituma sidii za Ubuntu, mfumo wake wa Linux, kwa posta bila malipo hadi huku kwetu. Nilipopokea bahasha yangu sikujiuliza nani kalipia stempu, na swali la aina hiyo halikunijia tena kwa muda mrefu.

Kwenye seva nilichagua CentOS. Red Hat ya Marekani huyauzia makampuni makubwa mfumo wake wa Linux pamoja na huduma ya kuutunza. Leseni za programu huria zinaruhusu msimbo kusomwa na kujengwa upya, kwa hiyo mwaka 2004 watu wa kujitolea walianza kuuchukua msimbo ule, kuondoa jina na nembo za kampuni, na kuutoa bure kwa jina la CentOS. Ulipata uimara unaotegemewa na mabenki bila kuletewa ankara. Januari 2014 Red Hat iliwaajiri viongozi wa mradi huo, na jina CentOS likawa chini yake. Wapo walioshtuka. Mimi nilifurahi, nikiona mradi umepata wa kuulisha. Julai 2019 IBM ikakamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Hata hapo sikuona linalotuhusu. IBM ina haja gani na seva moja iliyo kwenye chumba cha nyuma mjini Wote?

Katikati ya mwaka 2020, chama kimoja cha akiba na mikopo huko Makueni kilikuwa kinatumia CentOS 7. Ilikuwa inafanya kazi vizuri na ilikuwa imeahidiwa viraka vya usalama hadi tarehe 30 Juni 2024. Hakuna aliyelalamika. Ni mimi niliyeshauri tuhamie CentOS 8, kwa sababu ilikuwa mpya na muda wake ulitajwa kufika Mei 2029. Tarehe hiyo niliiandika kwenye pendekezo nililopeleka kwa kamati na nikaipigia mstari. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, na bado tunamwita Mwalimu. Aliniuliza, "Hiyo 2029 umeitoa wapi?"

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyopangwa, Mwalimu. Hii ni mali ya kila mtu, hakuna wa kuifunga."

Kamati ikapitisha.

Tarehe 8 Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8 itakoma tarehe 31 Desemba 2021. Nguvu zingeelekezwa kwenye CentOS Stream, ambayo hutangulia bidhaa ya kampuni badala ya kuifuata. Mabadiliko hupitia humo kwanza kabla ya kufika kwa wateja wanaolipa. CentOS 7 haikuguswa. Maana yake ni kwamba nilikitoa chama kwenye mfumo ambao ungekuwa na miaka mitatu na nusu mbele yake, nikakiingiza kwenye mfumo uliobakiwa na mwaka mmoja, na kazi hiyo nililipwa.

Nilipaswa kwenda kwa Mwalimu wiki ileile. Sikwenda. Kwanza niliona aibu kwa ajili ya ule mstari niliopiga chini ya tarehe. Kisha nikajipa matumaini kwamba kelele za watumiaji zitaifanya kampuni ibadili uamuzi. Kisha nikajiambia kwamba mwaka ni mrefu. Kwenye taarifa ya mwaka niliandika kwamba mitambo iko salama. Njia za kutokea zilikuwapo, na nilizijua: AlmaLinux ilitoka Machi 2021, na Juni mwaka huohuo ikatoka Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS yenyewe. Mimi nikaendelea na kazi nyingine huku mwaka ukiyoyoma.

Mwisho wa Januari 2022 ilitangazwa dosari katika polkit, programu iliyomo karibu katika kila Linux. Ilikuwa imejificha tangu 2009, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida wa mashine kujipa mamlaka yote. Siku chache baadaye, jioni, baada ya wanachama kuondoka, nilikaa mbele ya seva ya chama nikaamuru isasishwe. Ikanijibu kwamba haikupata anwani hata moja ya kuchukulia programu. Anwani za CentOS 8 zilikuwa zimeondolewa na faili zake kuhamishiwa kwenye ghala la matoleo yaliyokufa. Niliandika amri ileile tena, na jibu likawa lilelile. Karani alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akaniuliza, "Kuna shida?" Nikamwambia intaneti ya leo ni mbaya.

Huo ulikuwa uongo. Ndani ya mashine ile mlikuwa na nambari za vitambulisho, nambari za simu na madeni ya watu ninaokutana nao sokoni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Chama kilidhani kinazilinda kwa sababu mimi nilisema hivyo.

Nilihamisha kila kitu kwenda Debian 11, mfumo mwingine wa Linux, nikaandika ankara yenye maneno "ukarabati wa kawaida", wakanilipa. Hakuna data iliyopotea, wala sikuona dalili kwamba mtu aliingia. Ningeweza kuishia hapo. Lakini kila nilipopita kwenye ofisi ile nilijua kwamba wamenilipa mara mbili kwa kosa langu moja. Niliomba nafasi kwenye kikao cha kamati nikaeleza yote: tarehe niliyoipigia mstari, taarifa niliyoandika, nilivyomjibu karani, na ankara. Nikarudisha malipo ya kazi ya pili.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na hiyo kampuni, tulitia sahihi nini nayo?"

"Hatukutia sahihi chochote, Mwalimu."

"Basi haina deni letu. Aliyetuahidi ni wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Ni rahisi kuilaumu kampuni, nami nilijaribu. Lakini Red Hat haikuvunja leseni yoyote, na wahandisi inaowalipa wameandika sehemu kubwa ya programu ninazozitumia hata leo. Ilifanya uamuzi juu ya jina lililokuwa mikononi mwake, kama mwenye mali yeyote. Mimi ndiye niliyelichukua tangazo lake, ambalo halikuwa na mkataba nyuma yake, nikaliwasilisha mezani kama neno langu. Kwa kuwa hatukulipa chochote, sikuona haja ya kuuliza mambo ambayo ningeuliza kama tungelipa: nani anamiliki jina, nani anashika funguo za kuidhinisha programu, nani anapanga tarehe, na akiamua kuacha, nani ana uwezo wa kuendelea.

Maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka Debian badala ya nakala mpya za mfumo wa Red Hat. Naziheshimu nakala hizo, lakini bado zinaishi kwa kuutazama mlango wa kampuni. Juni 2023 Red Hat ilitangaza kwamba kwa umma msimbo wa mfumo wake utapitia CentOS Stream pekee, na msimbo kamili wa bidhaa utabaki kwa wateja. AlmaLinux ikalazimika kuacha lengo la kuwa nakala halisi, ikabaki na lengo la kuoana na mfumo wa Red Hat. Ubuntu nayo niliipima. Ina mazuri mengi, lakini mwenye usemi wa mwisho ni Canonical. Oktoba 2012 ilianza kupeleka maneno ambayo watumiaji waliyatafuta kwenye kompyuta zao hadi nje ili waonyeshwe bidhaa za Amazon, na ilipita miaka mpaka mwaka 2016 ndipo utaratibu huo ukazimwa kwa chaguo-msingi.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Haina kampuni inayoimiliki. Ina katiba, ina mkataba wa kijamii ulioandikwa mwaka 1997, na kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka kwa kura za watengenezaji. Haikuahidi chama chetu miaka kumi. Kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano, na ile miwili ya mwisho hutegemea kikundi kingine ambacho makampuni ndiyo hukilipa. Fedha za makampuni zimo hata humo, ila hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi ikaufunga mradi. Dosari ya polkit iliigusa Debian pia. Tofauti ni kwamba toleo tulilohamia lilikuwa na watu walio zamu ya kutoa viraka.

Huko Kitui kosa langu lilikuwa na sura nyingine. Maktaba moja ilitaka Koha, programu ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu. Vifurushi vya Koha hutayarishwa kwa ajili ya Debian, lakini niliing'ang'aniza kwenye CentOS kwa kuwa ndiyo niliyoizoea, na kila sasisho likawa mateso kwa mkutubi. Ningalisoma historia ya Koha mapema ningejifunza mengi. Ilizaliwa kwenye maktaba za Horowhenua, New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000. Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani ilikaribia kusajili jina hilo kama alama yake ya biashara hukohuko New Zealand, na wenye maktaba wakalazimika kuomba michango ili kulipinga ombi hilo. Anwani ya kwanza ya mradi kwenye intaneti ilikuwa tayari imebaki kwa kampuni, jumuiya ikahamia anwani mpya, na kazi ikaendelea, kwa sababu waliojua kuifanya walikuwa wengi na walihama pamoja.

Hapo nikaliona kosa langu la pili. Nilihama kutoka kwa kampuni kwenda kwa jumuiya, nikaendelea kuwa mchukuaji tu. Sisi Wakamba hatuna kisingizio cha kutolielewa jambo hili. Mabwawa ya mchanga yaliyoenea Kitui na Makueni yamejengwa na vikundi vya mwethya: watu wanabeba mawe, wanachimba hadi wafikie mwamba wa chini ya mto mkavu, wanainua ukuta, na nyuma yake misimu ya mvua inajaza mchanga unaotunza maji. Kikundi kikiacha kukutana, mafuriko hula ukingo pembeni mwa ukuta na mto ukapata njia yake, hata kama bwawa bado lina jina la kikundi. Machi 2024 ulimwengu wa Linux uliliona hilo kwa xz, programu ndogo ya kubana faili. Ilitunzwa na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Mgeni akajipenyeza kwa sura ya msaidizi, akapandikiza mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alipokuwa akifanya majaribio kwenye Debian. Jina la jumuiya halimlindi mtu. Wanaolinda ni watu wanaofika kazini, na mimi sikuwa mmoja wao.

Sasa kila pendekezo langu lina ukurasa unaosema nani anamiliki jina la mfumo, nani anatoa viraka, muda uliotangazwa unategemea nani, na tukilazimika kuhama tutahamia wapi. Tarehe naandika, pamoja na aliyeitoa. Kila robo mwaka tunarejesha nakala rudufu ya chama kwenye mashine nyingine mbele ya karani, ili kuhama kusiwe siri ya fundi. Nimeanza pia kuripoti hitilafu ninazokutana nazo na kutafsiri maelezo kwa Kiswahili. Kazi hiyo ina watangulizi hapa kwetu Afrika Mashariki: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza watu waliweza kuandika barua kwa programu huria inayozungumza Kiswahili.

Wanachama wa chama kile nimeshawaomba msamaha, na hapa naurudia. Mafundi wenzangu nawaomba jambo moja: kabla hujamwambia mteja kwamba kitu ni chetu sote, mtajie anayeweza kukifunga, kisha mwambie na wewe umechangia nini ili kisifungwe. Ukikosa jibu la moja kati ya hayo mawili, bado hujawa tayari kumshauri.