Kombe la Walioachwa

Desemba 2022 dunia nzima ilikuwa ikitazama Qatar. Mimi jicho moja lilikuwa Dubai, ambako Arsenal, Liverpool, AC Milan na Lyon walikuwa wakicheza kikombe cha kirafiki, Dubai Super Cup. Marafiki walinicheka: sasa mechi isiyo na maana unaitazamia nini?

Na kweli, kilikuwa kikombe cha ajabu. Kombe la Dunia lilikuwa limesogezwa hadi Novemba na Desemba kwa sababu ya joto la Qatar, ligi za Ulaya zikasimama, na klabu zikabaki na wachezaji wasio na mechi. Zikawapeleka kwenye jua. Kila mchezo uliishia kwa mikwaju ya penalti, hata mshindi akiwa tayari amejulikana. Arsenal waliwachapa Lyon 3-0, kisha bado wakajipanga kupiga penalti za kutafuta pointi ya ziada. Aki vituko!

Lakini hebu tazama ni nani walikuwa uwanjani. Martin Ødegaard, kwa sababu Norway haikufuzu. Gabriel Magalhães, kwa sababu Brazil ilichagua mabeki wengine. Waitaliano wa Milan, kwa sababu Italia, mabingwa wa Ulaya, walifungwa na Macedonia Kaskazini. Na Mohamed Salah, ambaye mwezi Machi kule Senegal alipaisha penalti juu ya lango, Misri ikaaga. Huyo ndiye aliyepelekwa kwenye mashindano ambayo kila mechi lazima iishe kwa penalti.

Hali hiyo naifahamu kidogo. Mwaka ambao wenzangu walivaa majoho, mimi niliyeacha chuo katikati nilikuwa chumbani naandika makala ya kulipwa "mwezi ujao". Siku kama hizo kila picha kwenye simu ni sherehe ya watu wengine. Utaitumiaje siku ambayo hakuna anayekutazama?

Tarehe 13 Desemba, siku ya nusu fainali kati ya Argentina na Croatia, Ødegaard aliwafunga Milan kwa frikiki. Ni wangapi wanalikumbuka bao hilo? Eddie Nketiah naye alikuwa amefunga dhidi ya Lyon. Gabriel Jesus alikuwa ameumia goti kule Qatar, kwa hivyo nafasi ya mshambuliaji ilikuwa wazi. Ligi iliporudi tarehe 26, West Ham walitangulia, Arsenal wakarudisha na kushinda 3-1. Bao la tatu lilikuwa la Nketiah.

Sisemi kuachwa ni baraka. Msimu huo Arsenal walimaliza wa pili nyuma ya Manchester City, na kikombe cha Dubai hakuna shabiki anayekihesabu kati ya mataji. Ila Nketiah alipoitwa, miguu yake haikuwa imelala.