Kilomita 500 za Kwanza

Pikipiki mpya ni chombo ambacho hakijakamilika. Kiwandani kimeunganishwa, kimepakwa rangi na kuwashwa kwa muda mfupi, lakini viungo vyake vya ndani bado havijazoeana. Ukuta wa silinda umeachwa makusudi na mikwaruzo midogo inayopishana, na ringi za pistoni zinatakiwa kuusugua ukuta huo mpaka zikae juu yake sawasawa. Kazi hiyo huachiwa mnunuzi, aimalize katika kilomita mia chache za mwanzo. Akiifanya vizuri, injini itabana vyema na haitakula oili kwa miaka mingi. Akiifanya ovyo, hakuna fundi atakayeirekebisha bila kufungua silinda.

Nimekuwa nikiyatafakari haya tangu niliponunua, baada ya miaka kadhaa ya kujinyima, pikipiki ya safari ndefu: Royal Enfield Himalayan, silinda moja, sentimita za ujazo 411, tangi la lita 15. Ndugu msomaji unayejua mishahara ya wahadhiri ataniwia radhi kwa anasa hii. Si mashine ya kasi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutoka Morogoro asubuhi, apite Mikumi na Ruaha Mbuyuni, apande Kitonga, na afike Iringa akiwa bado na mgongo wake.

Kuna imani iliyoenea kwamba kuizoesha injini mpya ni kuiendesha polepole tu, kama mtu anayembeba mgonjwa. Ni nusu ya ukweli. Ringi hazibanwi ukutani kwa unyumbufu wake pekee. Gesi ya mlipuko hupenya nyuma yake na kuzisukuma nje. Injini isiyopewa mzigo kabisa, au inayoachwa ikinguruma papo hapo kwa nusu saa, hulainisha mikwaruzo ile kabla ringi hazijakaa, na ukuta ukishateleza hivyo, oili huanza kupita. Inayokamuliwa kupita kiasi nayo huchemka na kujikwaruza. Njia iliyo sahihi iko katikati: mzigo wa wastani, mwendo unaobadilika kila baada ya dakika chache, gia isiyo kubwa mno wala ndogo mno, na mapumziko ya kupoa. Kwa hiyo sikuichukua barabara kuu iliyonyooka. Niliitembeza jioni kuelekea Mzumbe na kurudi, nikipandisha na kushusha gia kama mwanafunzi wa shule ya udereva, malori yakinipita kwa dharau.

Wakati huohuo kulikuwa na marekebisho ya kufanya, na hapa ushauri haukosekani. Kijana mmoja pale Msamvu alitaka nibadilishe ekzosi siku ileile, ‘ili isikike, Mwalimu’. Mwingine akapendekeza taa za ziada, honi ya basi na masanduku matatu ya chuma. Nilikubali vitu vichache. Nilifunga vyuma vya kukinga injini pikipiki ikianguka, kwa sababu ajali haingoji kilomita 500 zitimie. Nilirekebisha wenzo za breki na klachi zifuate mkono wangu, na nikasogeza usukani kidogo. Shokapu ya nyuma, ambayo gurudumu lake lina nafasi ya milimita 180 ya kupanda na kushuka, niliikaza mpaka uzito wangu ulipoibonyeza takribani theluthi ya nafasi hiyo. Mengine yote nikayaahirisha: ekzosi, masanduku, kila kitu kinachogusa jinsi injini inavyopumua au mzigo inaoubeba. Ukibadilisha mambo matano kabla chombo hakijatulia, kikianza kutoa sauti ngeni hutajua ipi ni ya kiwanda na ipi ni yako.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua ninachokizungumzia. Mwaka 2005 masomo ya fizikia na kemia yaliunganishwa katika shule za sekondari. Muda si mrefu yakatenganishwa tena, na waliokuwa madarasani wakati ule hawakurudishiwa miaka yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilizinduliwa mwaka 2015, na kabla walimu wengi hawajaiona ikitekelezwa kikamilifu tukapata toleo lake la 2023. Sisemi kwamba toleo jipya ni baya. Lina mambo ambayo mimi binafsi nayaunga mkono. Ninachouliza ni kilomita ngapi toleo la kwanza lilitembea kabla ya kubadilishwa ekzosi.

Kipimo kilipofika 500 nilimwaga oili ya kwanza. Ningependa kila mwenye pikipiki aione oili hiyo kwenye beseni, juani. Inameremeta kama iliyonyunyiziwa unga wa fedha, na unga huo ni chuma kilichotoka kwenye silinda, klachi na gia, kwa maana katika pikipiki nyingi oili ni moja kwa vyote vitatu. (Ndiyo sababu haifai kutia oili yoyote ya gari: baadhi yake zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea humo huanza kuteleza.) Baada ya hapo fundi alikagua nafasi ya valvu, ile mafundi wetu huiita tapeti, akakaza boliti na kuweka mnyororo sawa. Asubuhi nzima ilikwisha.

Ni hiyo asubuhi nzima iliyonirudisha kwa vijana wa Msamvu.

Kijana wa bodaboda anayekabidhiwa pikipiki mpya kwa mkataba haanzi na kilomita 500 za utulivu. Anaanza na hesabu. Mmoja wao, ambaye niliwahi kumfundisha na ambaye shahada yake imo ndani ya bahasha kabatini kwa mama yake, alinieleza masharti yake: shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 15, kisha chombo kiwe chake. Siku ya kwanza ni 10,000. Siku ya pili ni 10,000. Kwa hiyo Boxer yake mpya, ikiwa bado na karatasi ya nailoni kwenye kiti, ilibeba mshikaki wa abiria wawili na gunia la mkaa kupanda mlima, kisha ikasimama kijiweni ikinguruma kusubiri mteja. Anajua anachokifanya, amenieleza habari za ringi vizuri kuliko nilivyozieleza hapa. Anajua pia kwamba mwezi wa 15 atakabidhiwa kadi ya pikipiki inayotoa moshi.

Tumezoea kuwalaumu vijana hawa kwamba hawatunzi vyombo. Viongozi wakija na pikipiki za mikopo huwahimiza wawe na nidhamu ya matunzo. Lakini matunzo yanahitaji muda, na muda wa kijana huyu umeshauzwa. Subira niliyoionyesha mimi barabara ya Mzumbe haikutokana na tabia njema. Ilitokana na mshahara unaoingia tarehe ileile, niendeshe nisiendeshe.

Na ‘tajiri’ wake ni nani? Tusijifiche. Pikipiki nyingi za mikataba katika miji yetu ni mali ya walimu, wauguzi, askari, maofisa wa halmashauri na, naam, wahadhiri. Mwenzangu mmoja, mtumishi wa muda mrefu, anazo tatu. Nilimpelekea hesabu yangu ya karatasi. Bodaboda hutembea kama kilomita 100 kwa siku, hivyo kipindi cha kuzoesha injini ni siku tano. Siku tano bila hesabu ni shilingi 50,000. Mkataba mzima, siku 390, ni shilingi 3,900,000. Anaombwa sehemu moja kati ya 78, na oili moja ya kubadilisha.

Alinisikiliza kwa adabu. ‘Mwalimu,’ akasema, ‘mkopo nilionunulia unakatwa kwenye mshahara kuanzia mwezi wa kwanza. Benki haisubiri ringi zikae.’

Ni jibu la haki, na linaonyesha kwamba mnyororo huu ni mrefu kuliko mimi na yeye. Hata hivyo nilimkumbusha kwamba pikipiki ikifa mwezi wa nane, kijana ataikimbia na benki itaendelea kukata. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe akaukubali mkataba wa nne, wa pikipiki mpya, uandikwe hivi: siku tano za mwanzo bila hesabu, bila mshikaki, na risiti ya oili ionyeshwe kabla ya siku ya sita. Kijana ametia saini na ameanza Jumatatu.

Vijana wake watatu wa zamani wamepata habari. Wanauliza kwa nini wao hawakupewa siku hizo, na kama zinaweza kuongezwa mwishoni mwa mikataba yao. Mwenzangu amewaambia waje wamuulize Mwalimu.