Wifi, Nimekuulizia Habari za Nadhiri Huku Kampala

Wifi yangu, boda boda za mji huu zitatumaliza. Tulivuka Mutukula usiku, tukapita Masaka kunapambazuka, na tulipoingia Kampala foleni ilikuwa imeshafunga barabara zote. Matoke nimekula mpaka nimeyakimbia. Lakini najua husubiri habari za matoke. Unasubiri jibu la lile ulilonituma: binti yetu akiingia utawa, ndiyo tumempoteza?

Nilianzia Nsambya, kilima cha mapadre wa Mill Hill. Mwaka 1903 walifika hapo masista 6 Wafransisko, mmojawapo Mama Kevin, Mwairishi, na zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Leo pana hospitali kubwa ambayo dereva yeyote wa boda anaijua. Miaka 20 baada ya kufika, kule Nkokonjeru, Mama Kevin akaanzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, shirika la mabinti wa hapa hapa Afrika. Alifia Marekani mwaka 1957, na Waganda wakataka mwili wake urudishwe. Amezikwa Nkokonjeru.

Sasa sikia hili. Zamani hizo sheria za Kanisa zilikataza masista kuzalisha akina mama, kwamba kazi hiyo haipatani na useja wao. Na wajawazito walikuwa wanakufa. Mama Kevin hakuvua shela kwa hasira, wala hakukaa kimya. Mwaka 1921 Nsambya ilianza kufundisha wauguzi na wakunga, akiwapo Daktari Evelyn Connolly, mlei asiyefungwa na nadhiri. Roma ilikuja kuwaruhusu masista kazi hiyo mwaka 1936. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nadhiri ya utii ni kufungwa mdomo.

Bahati nzuri nikaalikwa kwenye misa ya nadhiri za daima. Wifi, nililia! Mabinti walilala kifudifudi sakafuni, kanisa zima likiimba litania ya watakatifu. Halafu kila mmoja akasoma nadhiri zake kwa sauti, akaenda kuzitia sahihi juu ya altare. Wa pili kalamu ilimgomea. Akaitikisa, haikuandika, mpaka padre akachomoa yake mfukoni. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaandika jina lake taratibu kama mtu anayesaini hati ya kiwanja. Baada ya misa akampigia magoti mama yake kumsalimia, kama wafanyavyo Waganda. Zawadi zikafuata: kuku, mbuzi, mikungu ya ndizi. Vyote vikaingia kwenye gari la shirika, hakuna cha mtu.

Hapo ndipo penye nadhiri ya ufukara yenyewe. Sista aliyenialika ni muuguzi, ana ujuzi wa kutosha na mshahara wake si haba, lakini unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika. Akitaka viatu, anaomba. Nikamuuliza kama haoni aibu, mtu mzima kuomba nauli. Akaniambia aibu ilimwisha kitambo. Kilichomsumbua zaidi ni barua ya uhamisho iliyomkuta ameshazoea kituo chake. Alifunga sanduku huku ananung'unika, akaenda.

Usije ukadhani wanawanasa watoto wa watu. Kanisa halina haraka kama sisi na harusi zetu. Baada ya upostulanti, yaani kipindi cha kuyajaribu maisha hayo, kuna unovisi, malezi ya utawa yasiyopungua miezi 12. Kisha nadhiri za muda, miaka 3 hadi 6, na huweza kuongezwa mpaka jumla ifike 9. Muda ukiisha na moyo umekataa, binti anaaga na kurudi nyumbani bila kesi. Hakuna anayefunga nadhiri za daima kabla ya kutimiza miaka 21. Akishazifunga, kutoka ni mpaka askofu au Roma yenyewe iridhie.

Jambo la kupoteza mtoto nalo nimelitazama. Pale Nalukolongo kuna nyumba ya wazee na walemavu iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978; Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Wanaowalea ni Masista Wasamaria Wema. Vikongwe waliokosa watoto wa kuzaa wana mabinti wa kuwaogesha na kuwalisha uji. Najua kaka anahesabu wajukuu na mahari, na simlaumu. Lakini mwambie mtoto anayelea wazee wa watu hajapotea.

Langu la mwisho, na ulisome mbele ya kaka. Kwa sheria ya Kanisa nadhiri ni ahadi kwa Mungu inayotolewa kwa hiari, baada ya kufikiri. Iliyotolewa kwa hofu kubwa aliyotiwa mtu kwa kuonewa, au kwa kurubuniwa, haihesabiki hata kidogo. Basi mkalisheni binti chini, mmuulize jambo moja: anakwenda kwa hiari yake, au anakimbia kitu, pengine ada iliyokosekana, mchumba aliyemwacha, kelele za nyumbani? Akiwa anakimbia, mzuieni. Akiwa anakwenda kwa hiari, mfungieni sanduku, na nauli ya kwanza nitatoa mimi shangazi yake.