Habari za Kwetu, Nani Ataziandika?

Tangu tuliporudi Likasi, watu wengi wametuuliza swali moja. Wengine wametuuliza sokoni, wengine baada ya misa, wengine mlangoni pa shule: "Mwalimu, ulikwenda kufundisha nini huko Tanzania? Watu wa kule hawana walimu wao?" Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu mbele ya jamaa zote, maana jibu lake lawahusu baba na mama na watoto wa nyumba zetu kuliko linavyotuhusu sisi.

Tulialikwa kukaa mwaka mmoja wa masomo karibu na Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, tukiwa mwalimu mgeni wa uandishi wa habari. Huko Nyegezi, Kanisa lilianzisha chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960. Chuo kile kikakua, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mwalimu mgeni ana kazi mbili. Asubuhi hufundisha kama walimu wenyeji. Saa zinazobaki hutafuta elimu ambayo hakuweza kuipata kwao. Sisi tulitafuta magazeti ya zamani ya Kiswahili, na kazi hiyo ilitufikisha mpaka Dar es Salaam.

Safari ilikuwa ndefu. Kutoka Likasi tulishuka Lubumbashi, tukavuka mpaka Kasumbalesa, tukapita nchi ya Zambia siku nyingi. Huko Zambia Kiswahili kilinyamaza. Tulisikia Kibemba na Kiingereza. Tulipofika Tunduma, Kiswahili kikaamka tena katika vinywa vya wachukuzi na mama wauza chai. Tulifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake njiani. Walakini ndugu huyo hakututambua mara moja.

Siku ya kwanza darasani wanafunzi walicheka kidogo. Sisi watu wa Katanga twasema "batu" pale wenzetu wanaposema "watu". Twasema "mayi" pale wanaposema "maji", na "mukate" pale wanaposema "mkate". Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, hicho ni Kiswahili cha wapi?" Tukamjibu kwamba ni Kiswahili cha migodi na reli, cha kambi za wafanyakazi waliotoka makabila mengi wakalazimika kusikilizana. Tena tukawakumbusha habari ya Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyeuawa mwezi wa Desemba 1891. Yeye na Wayeke wake walitoka katika Wasumbwa, watu wa nchi ile ile iliyo kusini ya Ziwa Viktoria. Hapo kijana mmoja Msumbwa alisimama, akasema: "Basi Mwalimu hakuja ugenini. Amerudi kwa babu zake." Darasa zima likapiga makofi, na tangu siku ile hatukuchekwa tena.

Sasa tuseme juu ya magazeti. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana na wanafunzi wao kule Zanzibar walikuwa na gazeti liitwalo Msimulizi. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wadachi kule Tanga ilitoa Kiongozi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, ambalo lilichapa pamoja na habari barua na mashairi ya wasomaji. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka aliyezaliwa Uganda, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika lililokuwa mali ya Mwafrika. Mwaka 1950 Wakatoliki nao wakaanza Kiongozi jingine, kule Tabora.

Katika habari hizo zote, ile ya Fiah ilitugusa zaidi. Yeye hakuwa mzaliwa wa Tanganyika, wala hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Aliona kwamba gazeti la serikali lasema kwa kinywa cha serikali, na gazeti la misheni kwa kinywa cha misheni; akataka liwepo moja litakalosema kwa kinywa cha mwenye duka na cha mchukuzi. Jina alilolichagua latosha kuwa somo zima: Kwetu.

Tulipokuwa tukieleza hayo, mwanafunzi mmoja wa kike akauliza: "Na kwenu Katanga, Mwalimu, magazeti ya Kiswahili ni yapi?"

Tulimjibu kweli. Tulimtajia Mwana Shaba, lililoanzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1957. Jina lake ni la Kiswahili, lakini mwenye kauli alikuwa kampuni. Tena tulimwambia kwamba redio zetu zasema Kiswahili kila siku, na kwamba Redio Okapi yatangaza katika lugha hiyo tangu mwaka 2002. Lakini magazeti ya Lubumbashi karibu yote ni ya Kifaransa. Basi kwetu habari ya Kiswahili huingia kwa sikio, nayo hutoka kwa upepo. Haikai juu ya karatasi ili mjukuu aisome.

Je, mji wetu hauna habari za kuandikwa? Tazameni. Karibu na Likasi upo mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1940 madini ya urani yaliyochimbwa hapo, zaidi ya tani 1,000, yalipelekwa New York na kampuni. Mwaka 1942 Wamarekani wakayanunua, na urani ya Kongo ikaingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Watu waliochimba mawe yale hawakuambiwa yaenda kufanya nini. Habari hiyo yasomwa leo katika vitabu vya Kiingereza.

Tena mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland wapatao 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa hapa Likasi, wakati ule ukiitwa Jadotville, na jeshi la Katanga pamoja na mamluki. Walipigana siku 5, mpaka risasi na maji vilipowaishia, wakatekwa. Mwaka 2016 ikatoka sinema ya mambo hayo, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Watoto wetu waliitazama kama watu wanaotazama mji wa kigeni. Askari wa Ireland wamo ndani yake. Lakini mama aliyejificha na watoto wake chini ya kitanda, huyo nani amemwuliza?

Hatusemi kwamba wageni walikosa kwa kuandika. Tunawashukuru. Twasema kwamba mgeni huandika alichokijia, wala si kazi yake kuandika tulichokisahau sisi.

Pale Mwanza tuliona tofauti. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na mji, na mamia ya watu wakafa maji. Wanafunzi wetu walizaliwa baada ya msiba ule, lakini wengi waliweza kuusimulia. Walikuwa wamesikia kwa wazazi, tena walikuwa wamesoma kwa lugha ya wazazi, katika magazeti yaliyoandika kila mwaka siku ya kumbukumbu ilipofika. Makaburi yako Igoma, na maneno yako gazetini. Mwezi wa Julai 2004 mgodi wa Shinkolobwe ulibomoka, wakafa watu wapatao 8 waliokuwa wakichimba bila ruhusa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja, wakapima, wakaandika taarifa yao. Jamaa za wafu waisome wapi kwa Kiswahili?

Ndipo tulipofanya somo ambalo wanafunzi walilipenda kuliko yote. Kambo wetu, yaani bibi mzaa mama, yu hai hapa Likasi, naye amepita umri wa miaka 90. Mwaka 1941 alikuwa mtoto mdogo katika kambi ya wafanyakazi ya Panda. Mwaka ule, kwa ajili ya vita, bei za vitu zilipanda na mishahara haikutosha. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville na Elisabethville, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Hesabu ya wafu iliyotolewa na serikali haikupatana kamwe na hesabu ya watu.

Tulimpigia kambo simu, tukaiweka juu ya meza ili darasa lote lisikie. Vijana wakamwamkia: "Shikamoo, bibi!" Neno hilo halisemwi kwetu, akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Jambo, batoto yangu." Wakamwuliza maswali waliyoyaandaa. Akasema kwamba mama yake alifunga mlango mchana kweupe, akakataza watoto wasilie. Akasema baba yake hakulala nyumbani usiku mbili. Aliporudi, alikaa chini bila kuvua viatu, wala hakugusa chakula. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Bibi, askari walifanya nini?" Kambo akajibu kwa Kiswahili chetu: "Ile sikuionaka, mutoto yangu. Nilisikiaka tu."

Kwa muda mrefu tulikuwa tumewafundisha vijana wale kanuni kubwa ya kazi yao: mwandishi atenge alichokiona na alichokisikia, na alichokisikia akipeleleze kwa watu wengine kabla ya kukichapa. Sasa waliisikia kanuni hiyo kwa mwanamke ambaye hakusoma chuo chochote. Hakuna aliyecheka Kiswahili chake. Waliandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha, kwani tuliwaambia kwamba ushahidi una sauti ya mwenyewe, na mwenye kuibadili sauti huweza kuubadili ushahidi.

Kwetu pia wamepita walimu wageni waliojua thamani ya sauti hiyo. Mmoja ni Johannes Fabian, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Yeye aliongea na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika picha zipatazo 100 na kuieleza kwa Kiswahili. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Tena mwaka 1990 alitoa maandishi ya mwaka 1965 yaliyokusanywa na André Yav, ambamo waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu walisimulia mambo ya Elisabethville kwa Kiswahili chao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini fikirini: watumishi wale waliandika kwanza, ndipo mtaalamu akapata cha kusoma. Wangalinyamaza, hata profesa asingeliweza kuwasemea.

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja mwana wa mji huu aliyekuwa mwalimu ugenini kutupita sote. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, siku moja kabla ya risasi za Elisabethville. Alifundisha Lubumbashi, mwaka 1974 alitembelea Marekani, na kumbukumbu za safari hiyo zilitoka katika kitabu mwaka 1976, baadaye alihamia huko, akafundisha miaka mingi, naye alifariki mwezi wa Aprili 2025. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 alionyesha jinsi elimu ya dunia juu ya Afrika ilivyojengwa kwa maneno ya wageni. Somo hilo kubwa laweza kuanzia katika nyumba ndogo ya Panda au ya Shituru.

Basi, jamaa wapenzi, jibu la swali lenu ni hili. Tulikwenda kuwafundisha wengine kuandika habari za kwao, tukarudi na deni la habari za kwetu. Rafiki walitushauri tubaki, na mshahara wa kule ulikuwa unafika kwa wakati, jambo ambalo mwalimu wa Kongo halidharau. Tumerudi kwa sababu wazee waliopo leo hawatatungoja.

Nasi twawaomba mambo yasiyohitaji fedha. Nunueni daftari moja, iwe ya nyumba nzima. Mtoto anayejua kuandika akae karibu na mzee, amwulize: Mlitoka wapi? Mlifika hapa mwaka gani? Nani alikuwa jirani? Nini kilitokea siku ile? Aandike kwa Kiswahili kile kile cha mzee. Aweke tarehe, na jina la msemaji akikubali. Pale mzee aliposikia tu, aandike "alisikia". Pale alipoona, aandike "aliona". Shuleni kwetu wanafunzi wameanza gazeti la ukutani, karatasi moja kila juma, na kila juma habari moja hutoka katika madaftari hayo. Wiki iliyopita baba mmoja alisimama mbele yake akiwa na kofia ya kazi mkononi, akasoma polepole mpaka mwisho. Kisha akatuambia: "Mwalimu, huyu jirani aliyetajwa hapa nilimfahamu. Yapo mambo yake hamkuyapata. Leteni mtoto na daftari yake jioni."

Tulimpeleka jioni ile ile.