Kwenu ni Wapi?

Msomaji, mwalimu mgeni aingiapo mahali hudhani kuwa yeye ndiye mwenye kujua, na watu wa mahali pale ndio wenye kungoja kufundishwa. Mimi nilidhani hivyo. Nataka kukueleza jinsi nilivyokosea, kwa sababu kosa likisemwa huwafaa wengi, na kosa likifichwa humngoja mwenyewe alirudie.

Nilizaliwa Wundanyi, katika milima ya Taita, nikasomea ualimu katika chuo cha Shanzu, karibu na Mombasa. Mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilipelekwa kufundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi ya Pumwani, Nairobi. Chuoni tulikuwa tumesikia mengi juu ya walimu wapelekwao mbali, katika nchi za ukame au visiwani, ambako watu wana mambo yao na mgeni hayajui. Kwa hiyo nilipoona jina la Pumwani nilishukuru. Mtu atokaye katikati ya jiji kwa miguu, akapita Muthurwa, akakata soko la Gikomba lenye marobota ya mitumba, hufika huko kwa muda wa kama nusu saa.

Lakini umbali haupimwi kwa hatua peke yake. Nilipowaambia watu wa mjini ninakofundisha, wengine walitabasamu, na wengine waliniuliza kama siogopi. Wenyeji hupaita Majengo, na jina hilo likitajwa mbele ya watu wa mitaa mingine huleta minong'ono. Wanafunzi wangu waliijua minong'ono hiyo kabla yangu. Katika daftari la majina, mahali pa kuandika makao, kadhaa waliandika Eastleigh na wengine Shauri Moyo, ilhali niliwaona kila jioni wakiingia katika vichochoro vya Majengo. Hicho ndicho kisiwa nilichopelekwa. Jiji limekizunguka pande zote, lakini watu wa jiji hawakijui.

Mahali penyewe pana historia ya kuheshimiwa. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Waafrika waliofuata kazi walijijengea vijiji kandokando ya mji, mathalan Pangani, na serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipima viwanja vya Pumwani, jina ambalo huelezwa kuwa ni mahali pa kupumulia, ikawaruhusu Waafrika wajenge huko nyumba zao wenyewe. Kisha vijiji vya kwanza vikabomolewa, na Pangani ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930. Nyumba za Pumwani zilikuwa za Kiswahili, za fito na udongo, zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na paa la madebe yaliyopigwa bapa. Baadhi yake nilizikuta bado zimesimama, zimeinama kidogo kama wazee waliochoka, na watu wamo.

Muhula wa kwanza ulipokaribia mwisho, niliwapa wanafunzi wangu insha. Kichwa chake kilikuwa "Asili ya Ukoo Wetu". Nilichora ubaoni mti wa ukoo wangu mwenyewe, nikamtaja baba, babu, na baba wa babu, pamoja na kijiji cha kila mmoja. Nilijivunia mti ule. Niliwaagiza waende nyumbani wakawaulize wazee walitoka wapi na kwa nini walikuja Nairobi. Darasa ambalo kwa kawaida halikujua kunyamaza likanyamaza. Mimi nilidhani wameielewa kazi.

Siku ya pili nilikusanya madaftari. Wachache walikuwa wameandika kurasa mbili zenye majina na mahali. Wengi waliandika hadithi zilizofanana kama sarafu: babu alikuwa mkulima, alikuwa na ng'ombe, alikufa zamani. Hapakutajwa kijiji wala mto. Msichana mmoja, ambaye kwa kuandika aliwashinda wenzake wote, aliniletea sentensi moja tu: "Bibi amesema kwetu ni hapa."

Nilikasirika. Nilidhani ni uvivu au kiburi. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia, "Hapa ni mahali mnapokaa. Mimi nauliza mlikotoka. Kila mtu ana kwao. Kwenu ni wapi?" Hakujibu. Nikarudia swali mara ya pili na ya tatu, nikizidi kupaza sauti, kana kwamba ukweli ni tunda ambalo huanguka mti ukitikiswa. Mvulana mmoja wa nyuma akacheka. Msichana akaketi, akainamia dawati lake, asiseme neno mpaka kengele ikalia. Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Siku ya nne mahali pake palikuwa bado patupu.

Nilimwendea mwalimu mmoja mzee, mzaliwa wa Pumwani, nikamweleza yaliyotokea. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mwalimu, hapa watu watakueleza yote, ugonjwa wa jirani na hata deni lao dukani. Lakini kumwuliza mtu kwao ni wapi, mbele ya watu, hapa hatufanyi. Chukua sukari na majani ya chai, uende ukapige hodi. Daftari liache nyumbani."

Jumamosi alasiri nilikwenda. Ukumbi ulikuwa na giza na ubaridi, na mwishoni mwake ulionekana mwanga wa ua. Bibi yake msichana alikuwa ameketi juu ya mkeka, akichagua mchele katika uteo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiwe mwalimu wa kwenu wapi?"

Nilipatwa na aibu ambayo sijaisahau. Nilimwomba radhi, nikaketi. Yeye aliendelea kuchagua mchele kwa muda mrefu. Hata chai ilipokwisha kuletwa ndipo aliposema, na nitakupa maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka.

"Aliyejenga nyumba hii alikuwa mama yangu," alisema, "lakini hakunizaa."

Mama huyo alifika Nairobi peke yake, akiwa msichana aliyekimbia kuozwa mzee asiyemtaka. Alikaa Pangani kwanza. Siku zile mji ulikuwa mji wa wanaume. Waajiri walilipa mshahara wa kutosha mtu mmoja, pasipo mke wala mtoto, na wanaume walilala wengi katika chumba kimoja. Mwanamke kupata kazi ya mshahara lilikuwa jambo la nadra. Mama aliwauzia wanaume hao chai, chakula kilichopikwa, na maji moto ya kuoga. Na baadhi yao aliwauzia urafiki wa usiku. Bibi alilisema jambo hili bila kushusha macho, wala hakulipamba. Senti kwa senti mama alinunua fito, akaajiri fundi, akapata nyumba ya vyumba sita. Alisilimu, akachukua jina jipya, na lile la zamani hakulitaja tena.

"Nilimwuliza mara moja tu alikotoka," Bibi alisema. "Akanijibu, 'Kwetu ni pale nilipolipia.'"

Nikamwuliza, kwa sauti ya chini safari hii, kama yeye mwenyewe alipata habari za waliomzaa. Alinitazama, akauweka uteo chini, akanisimulia habari za tarehe 24 Aprili 1954.

Wewe, msomaji, umesoma habari za siku ile katika somo la historia. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi kwa askari wapatao 25,000, katika msako ulioitwa Anvil, maana yake fuawe la mhunzi. Waliosakwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu ya wanaume walipelekwa kizuizini, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa mashambani. Hayo ndiyo yaliyomo vitabuni. Katika nyumba ile ya Majengo yalikuwamo mambo madogo kuliko hayo. Katika chumba cha mwisho alipanga mwanamke muuza mboga, mwenye mtoto wa kike wa miaka kama minne. Alfajiri ile alikuwa ametoka kwenda sokoni, akamwacha mtoto amelala. Hakurudi. Askari walipoingia nyumbani walimkuta mtoto amesimama ukumbini analia. Wakauliza, "Huyu wa nani? Kwenu wapi?"

Mwenye nyumba akamnyanyua mtoto, akajibu, "Huyu wangu. Sisi Waswahili. Kwetu ni hapa." Akamwita kwa jina la Kiislamu alilolitunga saa ile ile. Askari wakapita. Hali ya Hatari ilipokwisha alimtafuta mzazi wa mtoto kwa watu wote aliowajua, na hakuna aliyekuwa na habari. Mtoto akakua na jina lile, akaolewa nalo, akazeeka nalo. Ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu.

"Basi mjukuu wangu alipokuandikia neno lile," alisema, "hakukudanganya wala hakuwa mvivu. Ndilo neno lililoniponya."

Nilitembea kurudi nyumbani polepole. Tangu hapo nimelitafakari swali langu mara nyingi. Kwangu lilikuwa swali la adabu. Kule Taita mgeni huulizwa kwao ili apewe heshima ya ukoo wake. Pumwani swali hilo hilo lilikuwa limeulizwa na watu wengine kabla yangu. Aliuliza askari aliyetaka kuona kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua, kikaonyesha jina lake, kabila lake, mahali alikotoka na bwana aliyemwajiri. Aliyeshindwa kujibu vema aliweza kufukuzwa mjini. Aliuliza jamaa wa mbali aliyesikia kwamba binti aliyetoroka sasa ana nyumba, akaja kudai fungu lake. Nami, kwa chaki mkononi na nia njema moyoni, nilisimama mwishoni mwa safu hiyo ya waulizaji. Siri ambayo nilidhani ni aibu ilikuwa ngao, na ngao haivuliwi kwa sababu mgeni ametaka kuiona.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kitabu cha mwanahistoria Mmarekani Luise White, kilichochapishwa mwaka 1990, kilichotumia mazungumzo yake na wanawake wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970. Humo niliona kwamba mama wa nyumba ile hakuwa peke yake. Sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake, na wengi walizipata kwa jasho la namna ile. Wako waliolea watoto wasiowazaa wakawaachia nyumba zao. Vikongwe hao walimweleza mgeni huyo maisha yao kwa urefu. Nilijiuliza kwa nini yeye alijibiwa, na mimi sikujibiwa. Nadhani ni kwa sababu alikwenda kwao kama mwanafunzi, akawaacha waseme habari za kazi na nyumba zao kwa maneno yao wenyewe. Na mimi nilimsimamisha mtoto mbele ya darasa, nikadai hesabu.

Msichana alirudi shuleni Jumatatu. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale walioshuhudia kosa langu, kwani haifai kumtukana mtu hadharani na kumwomba radhi faraghani. Aliitikia kwa adabu. Hata hivyo, nisikufiche neno: mwaka ule wote hakuinua tena mkono kujibu swali langu lolote. Insha zake ziliendelea kuwa nzuri, lakini sauti yake sikuisikia mpaka nilipoiita. Radhi hupatikana kwa siku moja; imani hurudi kwa wakati wake, au hairudi.

Insha ile niliifuta, nikatoa nyingine: "Mtu Aliyenilea na Kazi Aliyonifundisha". Wakajaza madaftari. Nilisoma juu ya mahamri yakandwayo saa tisa za usiku, juu ya mjomba afumaye mikeka, juu ya jirani aliyempeleka mtoto wa mwenzake shuleni miaka minane bila kudai shukrani. Ukoo niliokuwa nikiutafuta ulikuwamo humo, ila haukuwa na umbo la mti.

Bibi alinipa ruhusa ya kusimulia habari hizi. "Habari zitaje," aliniambia, "jina liache." Alifariki mwaka 2017, nami nilikuwa miongoni mwa waliokuja kuhani. Watu walijaa ukumbi na ua hadi kichochoroni, na wengi wao walimwita mama. Sikumwuliza hata mmoja wao alikuwa mama yake kwa njia gani.

Nawe, msomaji kijana, siku moja utakuwa mgeni mahali fulani, pengine mwalimu, pengine mwuguzi au karani mwenye fomu ya kujaza. Utakuwa na maswali, nayo yatakuwa mazuri machoni pako. Kabla hujauliza, fikiri ni nani aliyeuliza swali hilo kabla yako, na alifanya nini na jibu alilopewa.

Siku hizi mwanafunzi mpya aingiapo darasani mwangu simwulizi kwao. Namwonyesha mahali pa kukaa.